Nzi Ndani ya Tasbihi



Katika zawadi zinazoletwa na jamaa zetu wanaorudi kutoka Ghuba au Uturuki, tasbihi ya kaharabu ina heshima yake. Rangi yake ni ya asali, mkononi ni nyepesi, na ikisuguliwa kwa viganja hupata joto upesi na kutoa harufu hafifu ya utomvu. Siku hizi zimeanza kuonekana tasbihi na mikufu ambayo katika baadhi ya punje zake mna mdudu: nzi, mbu au sisimizi, ametulia kana kwamba amelala. Maswali yametufikia zaidi ya mara moja, hasa kutoka kwa kina mama. Mdudu huyu aliingiaje? Ni kweli ana mamilioni ya miaka? Na muuzaji anayetaka maelfu ya shilingi kwa ajili ya nzi mmoja, anasema kweli? Tumeona ni vyema tujibu kwa urefu, kwa kuwa katika jambo hili mna elimu, mna biashara, na mna dhuluma pia ambayo mnunuzi haambiwi.

Kwanza tulisafishe jina, maana wengi huchanganya. Kaharabu si ambari. Ambari ni kitu cha baharini. Hutoka tumboni mwa nyangumi, hutiwa katika manukato, na wavuvi wa zamani waliijua vizuri thamani yake. Kaharabu ni kitu cha miti. Wazungu ndio waliochanganya: walilichukua neno la Kiarabu anbar wakalibandika juu ya lile jiwe la rangi ya asali, na mpaka leo katika Kiingereza vitu hivyo viwili vinachangia jina la asili moja. Jina letu sisi lina asili iliyo bora zaidi. Limetoka kwa Waajemi waliosema kah-ruba, yaani kinyakuacho majani makavu, kwa sababu punje ya kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa cha sufu huvuta vipande vya majani na karatasi. Wayunani wakiiita elektron, na kutokana na neno hilo Wazungu wakaunda jina la umeme. Waarabu wa zama zetu nao wakafanya vivyo hivyo. Kwao umeme ni kahrabaa. Kwa hiyo mama anayenunua tokeni za stima na bibi anayeshika tasbihi ya kaharabu wamo katika neno moja, ingawa hakuna aliyewaambia.

Ama asili ya kaharabu yenyewe ni utomvu. Kila mama anayefukiza ubani anajua kwamba ubani ni machozi ya mti: gome hukatwa, utomvu ukatoka, ukaganda. Ipo miti mingi mingine yenye tabia hiyo. Upepo ukivunja tawi, au mdudu akitoboa gome, mti huziba jeraha lake kwa utomvu mzito unaonata. Watoto wa mashamba wanaujua ulimbo, ule unaopakwa kijitini ili kunasa ndege. Basi utomvu huu ni ulimbo uliotegwa bila mtegaji. Nzi hutua, mguu mmoja ukanata. Akijivuta, bawa nalo limeshika. Tena utomvu hautoki mara moja ukaisha, bali hutoka kwa vipindi, na mmiminiko wa pili humfunika yule aliyenaswa na wa kwanza. Ndiyo maana kipande cha kweli kikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonyesha tabaka juu ya tabaka, viputo vya hewa, na mara nyingi mguu uliokatika ukielea kando ya mwenyewe. Mnyonge huyo alishindana.

Jambo la ajabu ni jinsi anavyohifadhika. Utomvu huzuia hewa, hukausha maji ya mwili, na una dawa ya asili inayovizuia vijidudu vya kuozesha. Mfupa wa mnyama uliozikwa mchangani hugeuka jiwe na kupoteza mengi; mdudu wa ndani ya utomvu hubaki na malaika ya miguuni, na vijumba vya jicho lake vikiweza kuhesabiwa, na wakati mwingine na chavua ya maua aliyoibeba siku ile. Ndani ya mwili mara nyingi mna uwazi tu, lakini gamba la nje limebaki kama lilivyokuwa.

Hata hivyo, utomvu uliomnasa mdudu leo si kaharabu bado. Ukiachwa juani na hewani utapasuka na kuwa vumbi. Sharti uanguke, ufukiwe na tope au mchanga, aghalabu kando ya mto au ufuo, kisha ukae chini ya uzito wa ardhi kwa muda usiopimika kwa umri wa watu. Mafuta yake mepesi huvukiza, na chembe zake hushikamana moja kwa nyingine mpaka utomvu uwe mgumu usioyeyuka kwa urahisi. Kabla haujafika huko, ukiwa una miaka mamia au maelfu tu, huwa umesimama nusu ya njia. Kitu hicho cha nusu ya njia kina jina la kwetu: sandarusi.

Hapa habari inaingia nyumbani. Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Msumbiji, na huko Madagaska pia. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya Mrima, ikikaribia pembe za ndovu na karafuu kwa kutajwa katika hesabu za wafanyabiashara wa Unguja. Ile bora haikuchumwa mtini. Ilichimbwa kwa jembe katika ardhi ya kichanga, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka, na ikisafishwa ngozi yake huonekana imejaa vipele vidogo mfano wa ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ile mbichi iliyotoka mtini iliitwa chakazi, nayo ilikuwa ya bei ndogo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856, aliandika kwamba wafanyabiashara wa kigeni waliposikia neno chakazi walilitamka kwa lugha yao likawa jina la punda. Basi bidhaa yetu ikauzwa nje ikiitwa sandarusi ya punda. Tumecheka, lakini si kicheko cha furaha tupu.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, ambao nchi yao ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Walileta nguo ya pamba, ile ambayo mpaka leo tunaiita merekani, wakabeba pembe na sandarusi. Sandarusi ilioshwa, ikapangwa kwa madaraja, kisha ikayeyushwa pamoja na mafuta ili kutengeneza vanishi ya kung'arishia magari ya farasi na samani za matajiri. Sasa fikirini. Ndani ya sandarusi mlikuwa na wadudu wa misitu yetu: nyuki wadogo wasiouma, mchwa wenye mabawa, mbawakawa, buibui. (Buibui si mdudu kwa hesabu ya wataalamu, kwa kuwa ana miguu minane, lakini ulimbo haubagui.) Vipande vichache vilivutia macho ya watu wakaviweka katika makumbusho ya Ulaya. Vilivyobaki viliingia sufuriani. Sehemu ya kumbukumbu ya misitu ya Mrima, ambayo leo wataalamu wangeipima kwa hadubini, ilipakwa kwenye milango ya magari ya farasi ya watu wasiojua Mrima ni wapi. Na yule aliyechimba kwa jembe alipata upande wa nguo.

Msandarusi una jamaa mbali sana. Katika kisiwa ambacho kina Jamhuri ya Dominika, kule Karibi, kuna machimbo ya kaharabu yenye umri wa karibu miaka milioni 15 hadi 20, maarufu duniani kwa uwazi wake kama kioo. Mti ulioitoa umekwisha kutoweka, nao umepewa jina Hymenaea protera. Wataalamu walipouchunguza kwa majani na maua yaliyonaswa ndani ya kaharabu yake, waliona kwamba katika miti iliyo hai leo, unaofanana nao zaidi si ule unaoota karibu, Amerika, bali ni msandarusi wetu wa Afrika Mashariki. Mwenye kupita katika misitu ya Kwale akauona msandarusi umesimama, basi ameona sura ya msitu wa Karibi wa kabla ya kuwapo mtu wa kuutazama.

Turudi kwa wadudu. Kaharabu kubwa kuliko zote kwa wingi ni ya ufukwe wa Bahari ya Baltiki, hasa eneo la Kaliningrad la Urusi na nchi ya Poland. Ina umri wa miaka milioni 40 na kitu, na maelfu ya aina za wadudu zimeelezwa kutoka humo. Tasbihi nyingi nzuri za Uturuki na Ghuba ni za kaharabu hiyo. Lakini ipo iliyo ya zamani zaidi. Katika milima ya Dolomiti, Italia, mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ndani ya matone madogo ya utomvu wa miaka milioni 230 wameonekana nzi mmoja na utitiri wawili wa mimea, wadogo wasioonekana kwa jicho tupu. Hao ndio waliokuwa wa kale kuliko wote waliopata kuonekana ndani ya kaharabu.

Si kila uvumbuzi ni wa maprofesa. Mwaka 1966 mume na mke wastaafu wa jina la Frey walikuwa wakiokota mawe ufukweni New Jersey, Marekani, wakapata kipande cha kaharabu chenye sisimizi wawili ndani. Hawakukiuza, walikifikisha kwa wenye elimu. Mwaka uliofuata Edward Wilson wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake wakaueleza ulimwengu kwamba huyo ni sisimizi wa zama za dinosaria, mwenye umbo la sisimizi na baadhi ya sifa za nyigu pamoja, wakampa jina Sphecomyrma freyi ili jina la mume na mke hao libaki. Tunaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha faida ya watu wa nyumbani wenye macho.

Sisi wa pwani tuna haki ya kusikia habari za mbu. Kila mtu hapa anajua kwamba anayeuma ni mbu jike, maana huhitaji damu kwa ajili ya mayai yake, na dume hunyonya maji matamu ya mimea tu. Desemba 2023 mtaalamu wa Lebanon Dany Azar na wenzake walitangaza mbu wawili waliotoka katika kaharabu ya Lebanon, yenye umri wa karibu miaka milioni 130, wa zamani kuliko mbu wote waliokuwa wakijulikana. Wote wawili ni madume. Na wote wawili wana mdomo wa kutoboa, wenye meno makali. Kwa hiyo wataalamu hao wanaona kwamba katika zama zile madume nayo yalikuwa yakinyonya damu, kisha tabia hiyo ikawatoka. Kina baba wasikimbilie kujisifu.

Lakini uliotugusa zaidi ni mdudu mmoja wa Myanmar, nchi iliyoitwa zamani Burma, aliyeelezwa mwaka 2015. Ni aina ya mdudu-gamba, jamaa ya wale weupe kama pamba wanaoshambulia mipapai yetu. Ni jike, urefu wake ni milimita chache, na amejifunika koti la nta alilolitoa mwilini mwake mwenyewe. Chini ya koti hilo amekusanya mayai karibu 60 na vifaranga wake wa mwanzo. Utomvu ulimkuta katika hali hiyo. Koti hilo ni ushahidi kwamba kulea, kwa maana ya mama kubeba mayai yake mwilini mpaka yaanguliwe, kulikuwapo kwa wadudu miaka karibu milioni 100 iliyopita.

Je, umri huo umejulikanaje? Si kwa kukisia. Udongo uliofukia kaharabu ya Myanmar ulichanganyika na majivu ya volkeno, na ndani ya majivu mna vijiwe vidogo viitwavyo zirikoni. Vijiwe hivyo huumbika vikiwa na madini ya urani, ambayo hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Wakipima ni kiasi gani kimegeuka, hupata umri. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2012 vilitoa takriban miaka milioni 99. Kaharabu za mahali pengine hupimwa kwa njia nyingine, kama mabaki ya viumbe vya baharini katika tabaka lile lile. Mola ajua zaidi. Lakini mizani hii imepimwa na kurudiwa.

Tulisema tangu mwanzo kwamba mna dhuluma, na imetubidi kuieleza, maana huyo mama wa mayai 60 alichimbwa mahali penye machozi. Machimbo yamo katika bonde la Hukawng, jimbo la Kachin, kaskazini ya Myanmar. Mashimo yake ni membamba kiasi cha mwili wa mtu, na yanashuka wima makumi ya mita. Kwa hiyo vijana wembamba ndio wanaofaa kushuka, na shimo likiporomoka hakuna pa kukimbilia. Kwa miaka mingi kaharabu ilitoka humo ikavuka mpaka kwenda masoko ya China, na wataalamu waliifuata sokoni. Mwaka 2015 kijana wa Kichina, Xing Lida, alipata katika soko la Myitkyina kipande chenye mkia wa dinosaria mdogo ukiwa na manyoya yake, na sisimizi kando yake. Ulimwengu ulipigwa na butwaa. Aliyekichimba hakutajwa popote.

Jimbo hilo limekuwa na vita kwa miongo mingi baina ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Kachin, na kodi ya kaharabu ilikuwa ikiwalisha wenye bunduki. Mwaka 2017 jeshi liliingia kuyateka machimbo, na wakaazi kwa maelfu wakahama. Wasomaji watakumbuka kwamba ulikuwa mwaka ule ule, na jeshi lile lile, ambapo kuanzia mwezi wa Agosti ndugu zetu Rohingya zaidi ya 700,000 walifukuzwa kutoka jimbo la Rakhine wakakimbilia Bangladesh. Watu wa Kachin wengi wao ni Wakristo. Wachunguzi waliotumwa na Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya 2018, waliyataja majimbo hayo mawili pamoja na Shan, wakaonyesha kwamba mkono uliowapiga ni mmoja.

Wenye elimu wenyewe waligawanyika. Mwezi wa Aprili 2020 chama cha wataalamu wa mabaki ya wanyama wenye uti wa mgongo, chenye makao Marekani, kiliyaandikia majarida ya kisayansi kuyaomba yasichapishe utafiti wa vipande vya Myanmar vilivyonunuliwa baada ya katikati ya mwaka 2017. Wengine walipinga, wakasema kuwa vipande vingi vilitoka zamani, kuwa wachimbaji maskini ndio watakaokosa riziki, na kuwa vipande vitaishia kuwa mapambo, elimu yake ikapotea kama ilivyopotea ile ya sandarusi ya Mrima. Hoja zao zina uzito na hatuzipuuzi. Lakini sisi tunaegemea upande wa waliosimamisha. Nzi aliyesubiri miaka milioni 99 anaweza kusubiri ishirini zaidi. Kijana aliye ndani ya shimo hawezi. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 mambo huko yamezidi kuwa mabaya.

Kwa hiyo mnunuzi akiambiwa "hii ni kaharabu ya Burma", au akiona punje nyekundu-nyekundu inayosifiwa kwa umri wa miaka milioni 100, ana haki ya kuuliza imetoka kwa nani na lini. Muuzaji akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Sasa tuje kwenye udanganyifu, maana huo ndio ulio karibu nasi zaidi. Nyingi ya punje zenye wadudu zinazouzwa kwa bei rahisi ni plastiki iliyomwagwa juu ya mdudu aliyekufa juzi. Dalili yake ni uzuri uliozidi: mdudu mkubwa, nge au mbawakawa mzima, amekaa katikati barabara, mabawa yamekunjuliwa, hana mguu uliovunjika. Wadudu wa kweli wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele, wamekaa upande upande, na sura zao ni za taabu. Kuna pia wanaouza sandarusi changa kwa jina la kaharabu. Humo mdudu ni wa kweli, umri wake ndio uongo.

Jikoni mna vipimo. Chukueni glasi ya maji, mkoroge chumvi mpaka isiyeyuke tena, kisha mtumbukize punje iliyofunguliwa kutoka uzi. Kaharabu huelea, kioo huzama, na plastiki nyingi huzama, bakelaiti ya zamani ikiwemo. Lakini sandarusi huelea pia, hivyo kipimo hiki hakitoshi. Cha pili ni asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha: tone moja mahali pasipoonekana, lisubiriwe kidogo, kisha pabonyezwe kwa kidole. Sandarusi hulainika na kunata, kaharabu haibadiliki. Sindano ya moto hutoa harufu ya utomvu kwa kaharabu na harufu ya plastiki iliyoungua kwa bandia, ila huacha tundu, nasi hatuipendekezi kwa kitu cha urithi.

Na ile habari kwamba kutoka kwa mbu wa kaharabu itatolewa damu ya dinosaria na kuwafufua, ni habari ya sinema ya mwaka 1993, Jurassic Park, wala watoto wasitishwe nayo. Mwaka 2013 wataalamu wa Manchester walitangaza matokeo ya kutafuta chembe za urithi, DNA, katika nyuki waliomo ndani ya sandarusi ya Kolombia. Mmoja alikuwa na miaka kama 10,600, mwingine kama 60 tu. Hawakupata kitu cha kutegemewa hata kwa huyo wa miaka 60, sembuse wa mamilioni.

Limebaki moja la kuwaonya kina mama wenye watoto wachanga, hasa wanaotumiwa mizigo na jamaa walio Ulaya na Marekani. Huko huuzwa mikufu ya kaharabu ya kuvishwa watoto wanaoota meno, kwa madai kwamba joto la mwili huitoa dawa ndani ya punje ikatuliza maumivu. Dawa hiyo haijathibitishwa. Kilichothibitishwa ni hatari: mwezi wa Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi dhidi ya mikufu na vikuku hivyo, baada ya kupokea habari za mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na mkufu wa kaharabu akiwa usingizini, na mwingine aliyepaliwa na punje. Mkufu wa namna hiyo ukifika nyumbani, ufungueni uzi na punje zifungiwe mahali mtoto hafiki.

Ama tasbihi iliyo ya kweli hudumu ikitunzwa. Isiachwe dirishani juani, wala karibu na chetezo chenye makaa, maana joto huipasua ndani kwa ndani. Marashi yenye spiriti huifisha mng'ao, kwa hiyo ajipake kwanza mwenye kujipaka, mikono ikauke, ndipo aishike. Ikichafuka hufutwa kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, bila sabuni ya unga. Na katika masanduku ya mabibi zetu wa Lamu na Mombasa huenda bado mna vipande vya sandarusi vya zamani, vya manjano, vyenye vumbi, ambavyo mjukuu anaweza kuvidhania ubani akavitia motoni. Kabla ya kufanya hivyo, kipande kielekezwe kwenye mwanga na kitazamwe ndani.